Mwanangu Asiulizwe

Tuliitana jirani. Miaka kumi na minne tuliishi Aston, Uingereza, katika nyumba mbili zilizoshikana ukuta, na sidhani nilimwita kwa jina lake zaidi ya mara tatu. Yeye alikuwa Msomali aliyezaliwa na kulelewa Mombasa, akaolewa hukohuko, kisha akamfuata mumewe Uholanzi. Mumewe alipofariki alikaa huko miaka michache, ndipo akahamia Birmingham, ambako alikuwa na dada. Mimi ni Mkristo wa Nakuru. Nilikuja nikiwa nesi, na nikabaki nesi mpaka magoti yalipokataa.

Tulijuana kwa sababu ya suruali. Alikuwa akishona nguo za watu katika chumba chake cha mbele, na mimi nilikuwa nimepewa sare ndefu kama ya twiga. Nikabisha hodi, nikamweleza kwa Kiingereza. Alinitazama juu hadi chini, akauliza kwa Kiswahili, "Kwenu wapi?" Nilipojibu, akacheka. Kiswahili changu alikiita cha barabarani. Miaka yote ile hakuacha kunisahihisha, na mimi sikuacha kukosea, mara nyingine kwa makusudi, ili tu nimsikie akisema, "Jirani, lugha haikukukosea kitu. Iachie roho."

Nilipostaafu nikapata muda wa kumtazama vizuri, nikaona mambo ambayo sikuyapenda. Viatu vilikuwa havimwingii. Alikuwa akipanda ngazi zake kumi na tatu kwa kupumzika mara mbili, na kupitia ukuta nilimsikia akikohoa. Nilimwuliza analalaje. Akasema analala akiwa ameketi kwenye kochi, kwa sababu akijilaza anahisi kama anazama. Nesi akiambiwa hivyo haulizi zaidi. Nilimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, na baada ya vipimo hospitalini wakamwambia moyo wake umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa. Wakampa vidonge vya kupunguza maji mwilini na vingine vya moyo, wakasema vitamsaidia, ila moyo wenyewe hautarudi ulivyokuwa.

Alilipokea hilo kwa utulivu. Aliyelia ni binti yake.

Huyu binti nataka mmjue, kwa sababu habari hii ni yake pia. Wakati ule alikuwa na miaka kama thelathini na sita, mfamasia katika duka la dawa kule Moseley, mama wa watoto wawili. Alikuwa mtu wa mpangilio. Dawa za mama yake alizipanga katika visanduku vya siku saba, akaandika saa juu ya kila kimoja. Alikuja kila Jumatano na kila Jumapili. Kaka yake alikuwa amebaki Uholanzi, akipiga simu tu. Kama ungeniuliza ni nani atakayemsimamia jirani yangu akizidiwa, nisingefikiri hata sekunde moja.

Ndiyo sababu nilishangaa Jumanne moja, mchana, jirani alipobisha mlango wangu akiwa na bahasha kubwa kwapani.

"Jirani, una kazi?"

"Kazi gani? Si nimestaafu."

"Basi mimi nimekuletea. Nataka uwe mdomo wangu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu. Nilizijua. Katika nchi hii, mtu akipoteza fahamu, au akili yake ikaacha kushika mambo, mwanawe hana haki ya moja kwa moja kumwamulia matibabu. Madaktari watamsikiliza, lakini uamuzi ni wao, isipokuwa kama mgonjwa mwenyewe, akiwa bado na akili timamu, aliandika hati ya kumteua mtu wa kusema kwa niaba yake. Wodini kwetu niliona familia nyingi zikiijua habari hiyo zikiwa zimechelewa. Kwa hiyo nilifurahi kuziona zile karatasi. Lakini palipoandikwa jina la mteuliwa, niliona herufi zake za penseli zikitaja jina langu.

"Umekosea," nikamwambia. "Hapa panataka binti yako."

"Sikukosea."

"Mfamasia mzima! Anajua dawa kuliko mimi. Na mimi si damu yako, wala si dini yako."

Aliketi. Niliweka chai. Alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani muda mrefu bila kunywa, kisha akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote ile ya kupika pamoja hakuwa amelisema.

Mumewe alipasuka mshipa wa damu kichwani walipokuwa Uholanzi. Familia ilikuwa na miezi minane tu nchini. Yeye Kidachi hakukijua hata cha salamu. Mtoto pekee aliyekuwa amekishika ni binti yao, kwa sababu ya shule. Alikuwa na miaka kumi na sita. Siku ya nne mume akiwa kwenye mashine, madaktari wawili walikuja wakasimama na yule mtoto kando ya kitanda, wakazungumza naye.

"Walisema maneno mengi, jirani. Mengi. Nikamwuliza, wanasemaje? Akanitazama, akaniambia, 'Mama, wanasema tumwombee.' Sasa maneno marefu vile yanaweza kuwa tumwombee peke yake? Halafu nikamwona anawatikisia kichwa, hivi, mara mbili. Jioni wakazima."

"Hukumwuliza tena?"

"Hajui kwamba najua. Mpaka leo. Alinificha ili nisibebe. Nami nikamwacha afikiri amenificha, kwa sababu nilidhani ndivyo anavyotaka." Akafuta meza yangu kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. "Akiona hospitali kwenye televisheni anabadilisha stesheni. Umeshaona hilo?"

Nilikuwa nimeliona. Nilidhani ni mtu asiyependa damu.

"Wewe roho umeziona zikitoka ukaendelea kula chakula chako," akasema. "Yeye ameona moja, na ile moja imemtosha. Mwanangu asiulizwe tena. Nikifika pale, wakuulize wewe."

Nilimwambia amweleze binti yake sababu. Akakataa. Akasema akimweleza itabidi waongee kuhusu siku ile, na hana nguvu hizo. Akaniapiza nisimwambie. Nami, kwa kumwonea huruma, nikaahidi. Nilidhani lililo zito ni lile la kwenye fomu. Ile ahadi ndiyo iliyokuja kunilemea.

Hati ile haimalizwi na watu wawili. Lazima awepo mtu mwingine anayemfahamu mhusika, asiye ndugu, wa kuthibitisha kwamba anaelewa anachotia sahihi na hakuna anayemlazimisha. Tulimwita mwalimu mstaafu wa nyumba ya tano kutoka kwetu, mama wa Kijamaika ambaye mapazia yake yote yalishonwa na jirani. Alikuja na miwani miwili na kalamu yake mwenyewe. Akanitoa nje ya jiko langu, akafunga mlango, akazungumza na jirani karibu nusu saa. Mimi nikakaa kwenye ngazi kama mtoto aliyeadhibiwa. Alipofungua mlango alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya blauzi.

"Huyu mwanamke anajua anachotaka," akaniambia kwa Kiingereza. "Mimi mwenyewe sijui ninachotaka hata kwa nusu yake."

Kuna ukurasa mmoja wenye sehemu mbili, na unatia sahihi upande mmoja tu. Unaamua kama mteule wako ataruhusiwa kukubali au kukataa matibabu ya kukuweka hai. Nilimsomea pole pole, kwa Kiswahili, mara mbili. Akasema sheikhe alikwisha kumwuliza, na sheikhe alimwambia kwamba ikiwa madaktari hawaoni njia ya kurudi, si dhambi kuiacha mashine. Akatia sahihi upande wa kuniruhusu. Zamu yangu ilipofika, nami nikatia.

Chini zaidi kuna nafasi ya kuandika unayopendelea. Nilitegemea aseme mambo ya kuelekezwa kibla na kusomewa, na aliyasema. Kisha akasema, "Na uandike, nisivalishwe lile gauni lililo wazi mgongoni."

"Jirani, hii ni hati ya serikali."

"Basi serikali ijue. Mimi nimewasitiri watu mji mzima, halafu nife makalio yangu yakiwa nje? Andika."

Niliandika. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Wiki hiyo hiyo jirani alikata kitambaa cha pamba cha rangi ya samawati, akajishonea gauni lake mwenyewe la hospitali: mgongo umefungwa, mabega yanafunguka kwa kamba, ili nesi apate njia ya sindano na vipimo. Alinipa nilikague kama mtaalamu. Sikuona kasoro.

Hati ilirudi baada ya wiki nyingi, kila ukurasa umetobolewa matundu madogo ya mhuri. Hapo ndipo alipomwambia binti yake, mezani, Jumapili, mimi sipo. Hakumwambia sababu. Alisema tu, "Nimemchagua jirani."

Kesho yake jioni binti alikuwa mlangoni kwangu. Alikuwa bado na beji ya kazini kifuani. Hakutaka kuingia.

"Anti," akasema, "mimi nimekosa wapi?"

"Hujakosa popote, mwanangu."

"Basi niambie kwa nini."

Nilikumbuka ile ahadi. Akaniangalia, akasubiri. Kisha akahamia Kiingereza, kama alivyofanya kila alipokasirika, akasema amekuwa akimhudumia mama yake tangu akiwa mtoto, kwamba kila barua ya kila ofisi katika nchi mbili ni yeye aliyeisoma, na sasa kwenye jambo moja kubwa mama amepita juu ya kichwa chake na kumchagua mtu wa nje. Hilo la mtu wa nje alilisema kwa sauti ya chini, na nadhani lilimuuma yeye mwenyewe. Nikamwambia, "Muulize mama yako." Akasema amemwuliza. Akaenda zake.

Baadaye palikuwa na baridi kati yetu. Alinisalimu, hakunikosea adabu. Lakini ile sahani ya Idi ambayo kila mwaka aliileta yeye mwenyewe, mwaka ule ililetwa na mtoto wake mdogo, akaniachia mkononi na kukimbia. Nilimlalamikia jirani kupitia dirisha la jikoni.

"Atapoa," akasema.

"Hatapoa. Anadhani humwamini. Mwambie."

"Bado."

Hiyo bado yake iliendelea mpaka majira ya baridi yaliyofuata. Korona ilikuwa haijaingia duniani, na hospitali bado ilikuwa mahali mnapoweza kwenda wengi na kukaa. Alipata homa ya mapafu. Niliita gari la wagonjwa asubuhi, nikaingia nalo, nimeshika mfuko wenye hati na gauni la samawati. Kufikia siku ya pili alikuwa amechanganyikiwa, akiita watu wa Mombasa ambao mimi siwajui, akijaribu kuvua barakoa ya oksijeni. Manesi walikuwa wamemvalisha lile gauni lake. Mmoja aliniuliza limenunuliwa wapi.

Binti alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Tulikaa pande mbili za kitanda bila kuzungumza. Halafu daktari akatuita katika kile chumba kidogo ambacho kila wodi inacho, chenye viti laini na boksi la tishu. Mimi mwenyewe nimewaingiza watu chumba kile mara nyingi.

Alikuwa daktari mwanamke, kijana, mpole. Alieleza vizuri. Maambukizi ni makali na moyo hauna akiba. Wataendelea na dawa za mshipani. Lakini hali ikizidi usiku ule, kuna suala la kumhamishia wodi ya mahututi na kumwekea mpira wa kupumulia, na yeye kwa maoni yake haoni kama mwili ule utaweza kutoka tena kwenye mashine. Binti alikuwa akiuliza maswali ya kitaalamu, majina ya dawa, vipimo, na daktari akawa anamjibu yeye zaidi. Ikawa jambo la kawaida kabisa kwamba daktari amgeukie, amwegemee kidogo, aseme, "Wewe kama binti yake, unadhani mama angetaka tufanye nini?"

Binti akaacha maswali, akatazama boksi la tishu. Mikono yake, iliyokuwa juu ya magoti, ilikamata kitambaa cha suruali. Sijawahi kumwona akiwa na miaka kumi na sita, lakini nadhani nilimwona dakika ile.

"Daktari," nikasema, "swali hilo ni langu."

Nikatoa hati. Akaisoma, akaniomba radhi, akageuza kiti chake kunielekea. Akaniuliza tena, neno kwa neno. Miaka thelathini nilikuwa nikisimama upande wa wanaouliza. Nilidhani naijua ile hali. Siijui. Swali lilipofika kwangu nilihisi kama mtu amenipa mtoto mchanga nimshike na sakafu imelowa. Nikasema asipelekwe kwenye mashine. Nikasema dawa ziendelee, oksijeni ya barakoa iendelee, na akipata nafuu ya kutosha kubebwa, arudi nyumbani kwake. Nikasema ndivyo alivyotaka, aliniambia akiwa na akili zake, jikoni kwangu. Daktari akaandika. Ilichukua muda mfupi sana.

Tulipotoka, binti alitembea hadi karibu na lifti, akasimama akiegemea ukuta.

"Asante," akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini kwa nini alijua ningeshindwa?"

Nilikuwa nimeahidi. Nilifikiria ile ahadi kwa muda wa lifti kufunguka na kufungwa. Kisha nikaivunja.

"Hakuna aliyesema ungeshindwa. Aliogopa ungeweza. Mama yako alikuona Uholanzi, mwanangu. Aliwaona wale madaktari wakikwambia maneno marefu, na wewe ukamwambia tumwombee."

Alinitazama. Akateleza ukutani polepole mpaka akaketi sakafuni, na mimi, na magoti yangu haya, nikaketi pia. Watu walitupita.

"Anajua?"

"Tangu siku ile."

Alizungumza kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa kawaida aliiacha baada ya sentensi mbili. "Waliniuliza kama tuko tayari. Nikasema ndiyo. Sikumwuliza Mama. Niliogopa atasema hapana, halafu Baba aendelee kuteseka, na niliogopa atasema ndiyo, halafu awe yeye ndiye aliyesema. Anti, ni mimi niliyesema ndiyo."

Nikamshika mkono. Nikamwambia kitu ambacho ningeweza kumwambia miaka kumi na minne iliyopita kama ningejua. Nikamwambia kwamba hakuna daktari anayemwachia mtoto wa shule uamuzi wa kuzima mashine. Walikuwa wamekwisha kuamua. Ubongo wa baba yake ulikuwa umekwisha kufa. Walikuwa wanampa taarifa, kwa upole, na waliuliza kama familia iko tayari ili ipate kusogea karibu naye. "Kosa lao," nikasema, "ni kumfanya mtoto awe mkalimani. Wewe hukukosa. Wewe ulitikisa kichwa tu."

Alilia kwa muda mrefu, bila sauti, mdomo umefunikwa na mkono wake, kama mtu aliyezoea kulia kwenye nyumba yenye watu waliolala.

Dawa zilifanya kazi kuliko tulivyotarajia. Siku ya nne jirani alifungua macho, akamtambua binti yake, akamwuliza nani amebaki na watoto. Mimi nikasema naenda kununua chai. Nilinunua chai, nikaketi nayo kwenye mkahawa wa chini mpaka ikawa ya baridi, nikanunua nyingine. Sijui walichozungumza na sikuwahi kuuliza. Niliporudi, binti alikuwa amelaza kichwa pembeni mwa kitanda, na mama yake anampapasa juu ya mtandio. Aliniona nikichungulia.

"Jirani," akasema, sauti imekwaruza, "umenisaliti."

"Nimekusaliti."

"Haya. Njoo uketi."

Alirudi nyumbani wiki iliyofuata. Kitanda cha hospitali kiliwekwa katika chumba cha mbele, cherehani ikasukumwa ukutani, na binti akahamia pale na begi lake. Nesi wa mtaa alikuja kila siku. Mimi niliingia bila kubisha hodi.

Kilichomsumbua jirani siku zile ni nguo za watu. Kulikuwa na rundo lililobaki: pazia, sketi ya shule, koti lenye zipu iliyokufa. Alisema ni amana, hawezi kwenda mbele ya Mungu na zipu ya mtu. Binti alizungusha nguo mtaa mzima kwa gari lake. Koti likabaki, kwa sababu zipu ilikuwa haijashonwa. Nikajitolea. Nilikuwa nimeshona vidonda vya watu nusu ya maisha yangu, ningeshindwa na koti? Nilishona nikampelekea. Akalitazama karibu na pua, akalirudisha.

"Fumua."

"Jirani, unaumwa."

"Naumwa, sijapofuka. Fumua."

Nilifumua mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Itatosha. Mwambie mwenyewe asilivute kwa nguvu."

Alikaa nasi siku kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa Jumamosi, na uwanja wa mpira ulio jirani nasi ulikuwa na mechi. Magari yalikuwa yamejaa mtaa wote, nesi wa mtaa akalazimika kuegesha mbali na kuja kwa miguu akiwa na dawa. Jirani alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Binti alikuwa upande wa kichwa, anasoma Yasini kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa upande wa miguu. Ghafla uwanja ukalipuka, zile kelele zinazotikisa vioo, na jirani akafungua macho.

"Wamefunga?" akauliza.

"Wamefunga," nikasema.

Alionekana kuridhika, ingawa hakuwahi kutazama mpira hata siku moja. Hayo ndiyo aliyoniambia mwisho. Kabla ya jua kuzama, pumzi zikawa zinaachana, moja, kisha kungoja, kisha nyingine. Binti alimshahadisha sikioni. Alipoinua kichwa alinitazama mimi. Niliangalia saa, kwa mazoea ya kazi, kisha nikaona aibu nikafunika saa kwa mkono.

Sheria inasema hati ile hufa pamoja na aliyeiandika. Dakika ile nilikuwa tena jirani tu. Binti ndiye aliyefunga macho ya mama yake, ndiye aliyempigia kaka yake na kuwapigia akina mama wa msikitini. Jumatatu asubuhi walipomwosha, alikuwa miongoni mwao. Nilimngoja nje na koti lake. Alitoka mikono ya nguo imelowa hadi viwikoni, akasema, "Alikuwa mwepesi, Anti. Nilidhani atakuwa mzito." Akaniegemea begani.

Alizikwa siku hiyo hiyo. Mimi na mwalimu wetu wa Kijamaika tulisimama pembeni, karibu na magari, tukiwa tumefunika vichwa kwa mitandio aliyotushonea yeye. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Nilistaajabu jinsi kazi ilivyokwenda upesi. Sisi kwetu, mtu akifia huku, ni wiki mbili tatu za vikao na vikundi vya simu, kisha jeneza kwenye ndege, kisha safari nyingine ya barabara. Na mimi siku zote nimekuwa nikisema hivyo: mnipeleke Nakuru, kando ya mama yangu. Nimekuwa nikisema bila kufikiri, kama mtu anayetaja anwani.

Mwezi uliofuata nikaagiza fomu zangu. Nina mwana mmoja, alizaliwa hapa hapa. Anafanya kazi ya kurekodi sauti katika ghala moja la zamani kule Digbeth, na Jumapili huja kula chapati. Kiswahili anakielewa chote; hunijibu kwa Kiingereza. Nilipoziweka karatasi mezani alisema, kwa Kiingereza chake, tafadhali Mama, si leo. Nikamwambia ni leo. Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa. Aliacha kula.

Kisha akauliza, "Sasa wewe unataka nini hasa?"

Nikaanza kusema Nakuru, nikashindwa kumaliza. Nilikuwa nawaona watu ninaowajua kule, wengi wao sasa wako makaburini. Na nilimwona yeye akitua uwanja wa ndege na jeneza, katika nchi aliyoitembelea mara tatu, akitafuta mtu wa kumwelekeza. Nikamwambia sijui. Muuguzi wa miaka thelathini, sijui. Alishangaa kuliko mimi.

Akavuta bahasha ya bili ya umeme iliyokuwa mezani, akaigeuza upande usio na maandishi. Akasema tuanze na yale ninayoyajua, hata kama ni madogo.

Nikafikiri. Nikamwambia sitaki kuzungumzwa kwa sauti kubwa kama kiziwi. Nikamwambia niambiwe ukweli. Halafu nikamwambia lile nililoliona wodini mara nyingi kuliko yote: watu wetu wamelazwa safi kabisa, wameoshwa, shuka zimenyooka, na ngozi imepauka kama ya mjusi, kwa sababu hakuna aliyejua. "Nipakwe mafuta," nikasema. "Kila siku. Miguu pia."

Hakucheka. Aliandika, nami nikainama kuona. Yale mengine aliyaandika kwa Kiingereza. Hilo aliandika *mafuta*, akalipigia mstari, akaniuliza ni ya aina gani.